Kunguru na Yai Lisilochoka

Zamani wanyama walipokuwa bado wanaulizana kila kitu, walikwenda kwa Kakakuona kuuliza kwa nini tunda likikatika hushuka chini.

"Ardhi huvuta kila kitu," Kakakuona aliwaambia.

Kunguru aliposikia, moyo ulimwungua. Huyo asiye na bawa hata moja ndiye wa kuulizwa habari za kuanguka? Basi naye akatangaza elimu yake. "Ardhi haivuti kitu. Vitu huanguka vikichoka. Kisichochoka hakianguki."

Wanyama wakamhamia yeye. Hata hivyo Kunguru hakutulia, maana Swala bado alimwamkia Kakakuona, "Shikamoo, mwalimu."

Asubuhi moja Kunguru alirudi kwake na wanafunzi wake, akamkuta mkewe ametaga yai juu ya tawi tupu.

"Mama watoto, kiota kiko wapi?"

"Cha nini, mume wangu? Yai nimelitaga sasa hivi. Litakuwa limechoshwa na nini?"

Upepo ukavuma, yai likabingirika.

"Lishike!" Kunguru akapiga ukelele. "Ardhi italivuta!" Akajirusha, akalizuia kwa kifua kwenye ncha ya tawi.

Mkewe akamtazama. "Kumbe siku zote unamwamini Kakakuona?"

Kunguru alichungulia chini ya mti, kwenye shimo la Kakakuona, akitumaini kumwona akicheka, apate sababu ya kumchukia. Lakini Kakakuona alikuwa anamkusanyia vijiti vya kiota. Kunguru alishuka akavichukua, na kila kijiti kilimchoma mdomoni kuliko mwiba.