Mafundo ya Mashoto

Siku aliyovunjika mkono wa kushoto, binti hakulilia maumivu. Alililia mafundo.

Wiki ile machipukizi ya mizabibu yalikuwa yamerefuka kiasi cha kufungwa kwenye waya. Safu zote zilikuwa tayari, isipokuwa ile ya mwisho iliyopakana na ukuta wa jirani. Hiyo hakuna aliyeruhusiwa kuigusa. Ilikuwa ya kaka yake, Mashoto.

Jina lilimganda tangu utotoni, kwa kuwa kila kitu alikifanya kwa mkono wa kushoto. Alifunga vizuri, ila mafundo yake yaligeukia kushoto, upande wake mwenyewe. Msimu mmoja baba yao, mtu aliyetaka safu zifanane kama meno ya kitana, alipita nyuma yake akayafungua yote mbele ya vibarua. Akasema shamba lake halifungwi kinyumenyume. Mashoto akauweka mkasi wa kupogolea juu ya nguzo, akaenda zake mjini. Baba akafa kabla hawajapatana.

Tangu hapo mama alikataza safu ile isifungwe na mtu mwingine. Mwenyewe atakuja, alisema. Mizabibu ikatambaa chini, zabibu zikaozea matopeni.

Kisha simu ikaja, akaipokea binti. Mashoto alikuwa ameanguka kutoka kwenye jengo alilokuwa akijenga. Mama ndiyo kwanza alikuwa ametoka hospitali, moyo wake ukienda kwa kubembelezwa. Binti akaaga kwamba anakwenda kununua dawa ya ukungu wa majani. Akamzika kaka yake huko mbali, akarudi na dawa.

Machipukizi yaliyofuata yalimkuta ameshajua la kufanya. Aliufunga mkono wake wa kulia kiunoni kwa kitambaa, ili ule wa kushoto ukose pa kukimbilia, akaifunga safu nzima alfajiri. Bahati ilikuwa yake: mama, aliyezoea kuamka kabla ya kuku, asubuhi ile alichelewa kitandani.

Alipotoka, mama aliyapapasa mafundo moja moja.

"Mashoto kapita," alisema. "Ila vidole vimezeeka. Kafunga kama mtu anayevaa viatu gizani."

Akacheka. Mchana akala chakula chote.

Ikawa ndiyo desturi ya nyumba. Walipogoa, vikonyo vikachipua, mafundo yakaonekana. Yakaja maua madogo yasiyo na majivuno, kisha mavuno, kisha majani yakapukutika na shamba likabaki fimbo tupu. Safu ya mwisho ikaanza kuzaa kuliko nyingine. Kila ulipofika wakati wa kufunga, mama aliacha kamba mpya kizingitini, mwanawe asije akapungukiwa, na kila mara kulikuwa na asubuhi moja ambayo usingizi ulimzidi.

Sasa ngazi ya ghala ilikuwa imemtupa binti chini, na mkono wenye mafundo uko ndani ya plasta. Machipukizi yaliinama. Kamba ilikaa kizingitini siku baada ya siku. Mama alikwenda hadi mwanzo wa safu, akasimama, akarudi na kuisukuma sahani pembeni. Hakuuliza kitu, na hilo ndilo lililomchoma binti. Akaamua kwamba asubuhi atamwambia yote. Kama ni moyo kupasuka, upasuke kwa ukweli.

Dawa za maumivu zilimlaza hadi jua likapanda. Alipotoka, kamba haikuwepo kizingitini.

Mama alikuwa ameketi chini mwishoni mwa safu, na safu nzima ilikuwa imefungwa. Mafundo yalikaa ovyo, makubwa kwa madogo, lakini yote yaligeukia kushoto.

"Kaka yako kapita," mama alisema bila kumtazama. "Usijitese tena."

Binti akasogea karibu. Mkono wa kulia wa mama ulikuwa umebanwa kiunoni kwa kitambaa.

"Nifungue, mwanangu. Umekufa ganzi."

Akapiga magoti, akahangaika na kile kitambaa kwa mkono wake mmoja mzima. Mama alimwacha ahangaike, macho yake yakiwa kwenye majani.

"Pale ulipomlaza," aliuliza, "kuna kivuli?"