Ladha ya Ukwaju wa Pimbi

Pimbi aliuza juisi ya ukwaju, na mbuga nzima ilikuwa haisikii wala haioni kwa juisi hiyo. Siku alipobadilisha maji, wateja walimjia juu.

"Umetuharibia," alisema Nyumbu, ambaye hakasiriki mpaka awe na kundi nyuma yake. Kundi likamwaga vikombe chini.

"Haina ule uzito," aliongeza Korongo, anayejiita mjuzi wa ladha. "Turudishie ya zamani."

Pimbi akaona bora aseme ukweli. "Jamani, niliwahurumia. Zamani nilikuwa nachota bwawani, pale Kiboko anapooga na kujisaidia. Sasa nachota kwenye chemchemi."

Korongo akafuta mdomo, akatazama pembeni.

Kisha Nyumbu akauliza kwa upole, "Kwani Kiboko bado anaoga palepale?"