Mchanga Kitini

Mwanaidi alitaka mashine ya mkononi ya kunyonya vumbi garini. Muuzaji akamsukumia ya pinki. "Hii nyepesi dada, inawafaa akina mama."

Mwanaidi, aliyesafisha magari ya watu miaka tisa kwa brashi na magoti, alitoa kopo mkobani, akamwaga mchanga na makombo ya biskuti kwenye kiti cha muuzaji. "Haya, nyonya."

"Haturuhusu kujaribu!"

"Basi kikalie."

Muuzaji akaiwasha mashine ya pinki; ikaguna, ikazimika. Ya pili ikampulizia muuzaji vumbi usoni. Akashusha nyingine nzito kutoka rafu ya juu kabisa. "Hii wananunua mafundi."

"Na mimi ni nani?" Mwanaidi akamwaga mchanga wote uliobaki, akanyoosha mkono kuipokea mashine.