Viatu vya Kurudi Nyumbani

"Kunja vidole!" Jepkorir alimwambia mumewe, akikisukuma kiatu kwa mikono yote miwili.

Wodi nzima ya wagonjwa wa mafua ilikuwa ikiwatazama. Mumewe alikaa ukingoni mwa kitanda, akihema kama mtu aliyetoka kupanda mlima Menengai.

"Paji lako limepoa. Homa imeisha. Hata mimi iliniangusha, nikaamka nikaenda kuchuma maua ya pareto shambani kwa mzungu. Nyapara ananiuliza kila siku, mume wako ni mgonjwa au ni mvivu?"

Hakumwambia kwamba jana alikuwa amejibu, "Mvivu," na wanawake wenzake wakacheka mpaka wakaweka vikapu chini.

Kiatu kilikataa kuingia. Kilikuwa cha mumewe mwenyewe, na siku zote kilimpwaya. Jepkorir akakitupa, akaushika mguu auvute. Alipouachia, vidole vya mikono yake vilikuwa vimeacha mashimo kwenye ngozi, kama kwenye ugali wa moto. Akangoja yajae. Hayakujaa.

"Mama, acha hivyo viatu," nesi alisema nyuma yake. "Homa imetoka, lakini imemharibu moyo. Haupigi vizuri, ndiyo maana miguu inajaa maji. Daktari amemkataza hata kusimama."

Jepkorir akayafunika yale mashimo kwa kiganja, watu wasiyaone.

Mumewe akausogeza mguu mbele, taratibu, mpaka magotini pa Jepkorir.

"Jaribu tena," alisema. "Sasa nimekunja vidole."