Antimata ya Siku ya Wazazi

Kemboi alimuaga mkewe mara mbili asubuhi ile, kisha akaendesha lori lake la mbao kutoka Elburgon hadi shule ya wasichana mjini Nakuru. Alikuwa mwenyekiti wa wazazi.

Binti yake, Chepkemei, alikuwa amesimulia nyumbani kwamba Mwalimu Vidya wa fizikia angeleta antimata Siku ya Wazazi. Ulimwengu ulipoanza, msichana alisema, maada na kinyume chake, antimata, zilikuwa sawasawa, na kila zilipokutana ziliteketezana, ikabaki nuru tu. Lakini maada kidogo ilisalia, ndiyo sisi. Kwa nini ilisalia, hakuna anayejua. Mwaka huo wa 1977 Wamarekani walikuwa wamegundua kwaki mpya, chembe nzito ajabu, na wataalamu walitumaini kwamba chembe kama hizo zingefichua siri siku moja.

Kemboi alishika neno moja tu: ziliteketezana. Nakuru ilikuwa na shimo la volkano la Menengai tayari. Haikuhitaji la pili.

Alimkuta mwalimu kwenye maabara, kando ya kikapu kilichofunikwa kwa kitambaa.

"Iko humo?"

"Imo, mwenyekiti. Lakini hutoka chembe moja moja tu. Nimekipakata kikapu mwenyewe tangu mtaa wa Rhonda."

Kemboi alimwambia hakuja kubishana. Akikataa kukitoa, kazi hana. Vidya alimtazama kidogo, akamkabidhi kikapu.

"Usikiweke juani tu," alisema.

Kemboi alikataa kusindikizwa. Kama ni kufa, afe peke yake. Alipanda kuelekea Mau Narok polepole, akibana pumzi kwa kila shimo la barabara. Kwenye kilima kisicho na mtu alichimba hadi kiunoni. Kabla ya kukizika, akaona heri ajue kitu kilichotaka kuimaliza Nakuru. Akafumba jicho moja, akafunua.

Alasiri aliingia ukumbini na matope yake, wazazi wakiwa wameketi. Alisema mwalimu amemfanya mjinga: kikapu kilikuwa na ndizi tu.

"Sikukudanganya," Vidya alisema. "Ndizi zina potasiamu inayotoa antimata, kidogo sana. Nilitaka wazazi wajue. Ziko wapi?"

Kemboi alitazama viatu vyake. Njaa na hasira, alisema, zilimpata pamoja njiani.

Vidya akawageukia wazazi.

"Basi sogeeni karibu. Antimata iko ndani ya mwenyekiti."