Viatu vya Ithungu

Alhamisi asubuhi, kabla wateja hawajafika, Zedekia alipita nyuma ya duka lake la dawa pale Bwera, akachukua viatu vyeusi vya Ithungu na kuvifungia kabatini pamoja na vidonge vya malaria. Ufunguo akautia mfukoni. Mzee mzima mwenye mvi zake, anaiba viatu vya binti wa marehemu mdogo wake, wala haoni haya. Na ndivyo vilivyokuwa viatu pekee vya maana katika nyumba ile; mama na binti walivivaa kwa zamu.

Ndani ya daftari la Ithungu alikuwa amekuta kipande cha gazeti: tangazo la mtihani wa kuingia shule ya wauguzi, Kasese, Jumamosi, saa tatu asubuhi. Tarehe ilikuwa imezungushiwa wino mwekundu. Kumbe yale maswali aliyoyasikia kila jioni kwa wiki sita hayakuwa kazi za shule!

Msichana mwenyewe hakumsumbua. Zedekia hakujua hata yuko kidato gani. Alijua tu kwamba anakula sana. Kilichomtia hofu ni kumpoteza mama wa msichana, Tabisa. Ithungu aking'oka kwenda Kasese, Tabisa atamfuata, na Tabisa ndiye duka lenyewe. Ndiye aliyejua dozi, ndiye aliyesafisha vidonda, ndiye aliyechoma sindano. Zedekia akiiona sindano tu, anatoka nje. Siku za soko, watu wa ng'ambo ya mpaka walimwita Tabisa "dokta", na Zedekia wakamwita "ule muzee wa mulango".

Lakini wakaguzi wa dawa walipokuja, dokta huyohuyo alijibanza nyuma ya magunia ya maharage, kwa sababu hakuwa na karatasi ya kuwaonyesha. Mwaka ule wa 2014 alikuwa amejibanza mara tatu.

Jioni Zedekia alisimama mlangoni akasikiliza. Tabisa alikuwa akimenya mihogo. Ithungu alishika kitabu cha baiolojia kilichochakaa, ambacho mama yake alikuja nacho alipoolewa.

"Mutu ameungua na moto," Ithungu akasema. "Unaanza na nini?"

"Maji baridi, tena mingi," mama akajibu. "Hapana mafuta, hapana dawa ya meno."

"Figo inafanya kazi gani?"

Tabisa alijibu, akakosea, na binti akamsahihisha. Zedekia akaangua kicheko.

"Mwalimu ya namna gani hii? Mwanafunzi ndiye anamufundisha!"

Tabisa hakuinua macho. "Cheka tu, shemeji. Jumamosi inakuja."

"Ikuje. Viatu iko kwangu. Tutaona nani ataenda Kasese."

Tabisa akaweka kisu chini. Safari hii akamtazama usoni.

"Sikia, shemeji. Mimi nimechoka na kujificha kwa magunia. Mtihani wanaandika na mukono, hawaandike na miguu. Jumamosi mutu wa hii nyumba ataandika, hata na ndala. Utake usitake."

Tangu Zedekia amzike mdogo wake na kuwa mkubwa wa nyumba ile, hakuna aliyewahi kumjibu hivyo. Aliondoka bila kuaga. Moyoni alikuwa amekwisha kupanga lake.

Jumamosi, kulipoanza kupambazuka, alibisha mlango wao kwa ngumi.

"Ithungu! Amuka. Tunaenda shamba ya Kyondo, kahawa imeiva."

Alijiandaa kusikia kilio. Badala yake msichana alitoka amevaa nguo za shamba, kikapu mkononi, na ndani ya kikapu mihogo ya kuchemsha ikiwa imefungwa kwa jani la mgomba, bado ya moto. Tabisa alisimama mlangoni, mikono kifuani.

"Wewe fungua duka mapema," Zedekia akamwagiza. "Leo watu watakuwa wengi."

"Safari njema, shemeji."

Sauti ilikuwa ya mtu anayesindikiza mgeni. Zedekia aliisikia vizuri, ila furaha ilimzidi hata asijiulize maswali.

Boda iliwapandisha vilima huku ikikohoa. Saa tatu ilipofika walikuwa katikati ya mibuni, Ithungu pekupeku, akichuma upesi na kuimba wimbo wa kwaya. Zedekia alikaa juu ya jiwe, akaitazama saa yake ya mkononi.

"Mtihani imeanza," akasema.

"Imeanza, baba mukubwa."

"Na wewe uko hapa na mimi."

"Niko hapa."

Wimbo ukaendelea. Jambo hilo lilimkera Zedekia. Alitaka japo chozi moja, asikie kwamba ameshinda. Alikuwa bado akitafuta neno la kumchoma nalo pale simu yake ilipolia. Alikuwa Kakule, mchuuzi kutoka ng'ambo, mteja wake wa siku nyingi.

"Muzee, duka iko ya kufunga tangu asubuhi! Bagonjwa beko hapa mulangoni, batoto banalia. Dokta iko wapi?"

Zedekia alishusha simu polepole. Akautia mkono mfukoni, akaupapasa ufunguo wa kabati. Ulikuwapo.

"Mama yako iko wapi?" akauliza.

Ithungu alimimina buni kikapuni, akahamia mti wa pili.

"Iko Kasese, baba mukubwa, anaandika mtihani yake," akasema. "Ameenda na ndala."