Mahindi ya Msiba

Diwani Mkamba alitaka mashine ya kusaga ya mji iuzwe ili deni la serikali ya mji lipungue. Diwani Nasra alipinga. Mashine hiyo husaga bure mahindi ya msiba, na mfanyabiashara, alisema, hasagi bure.

“Msiba haulipi riba, dada,” Mkamba alisema.

“Na riba haimziki mtu, kaka.”

Shebuge, aliyetaka kuinunua, aliomba nafasi ya kusema. “Mwaka jana mashine yenu ilikaa mbovu miezi saba. Mahindi ya msiba yalisagwa wapi?”

Ukumbi mzima ulijua. Yalisagwa kwa Shebuge, kwenye mashine yake mwenyewe.

“Nilimtoza nani?”

“Hukumtoza mtu,” Nasra alikiri. “Lakini nawe utakufa, na mashine itarithiwa.”

Akauvuta mkataba wa mauzo, akaongeza mstari mmoja kwa mkono: mahindi ya msiba yatasagwa bure, hata mmiliki akibadilika.

Shebuge aliusoma mara mbili. “Mstari huu unashusha bei.”

Wote wakamgeukia Mkamba.

“Kwa kiasi gani?” aliuliza, na kwa mara ya kwanza mwaka ule akasogeza kiti chake karibu na cha Nasra, wasome karatasi moja.